Nilivyoutishia panga mparachichi wa mwenye nyumba Bellevue, mvua ya mawe ikajibu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa nyumbani na mlioko ugenini.

Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu. Nakula visa vya wenzangu, nacheka peke yangu kama mwehu, nalala. Leo na mimi nimeona nichangie sahani.

Hiki kisa ni cha kweli kabisa, na mashahidi ninao. Mmoja wao ni mti, uko Bellevue, Johannesburg, na bado umesimama. Anayebisha aende akauulize.

Ilikuwa kati ya 2016 na 2017.

Kwanza mjue kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa ujinga wote unaofuata. Nilikuwa nafunga mizigo kule Malvern, Jules Street. Watu wananunua friji, TV, kabati za vioo, masufuria ya harusi, wanataka vifike Dar, Lubumbashi au Bukavu vikiwa vizima. Sisi tunavisha blanketi, tunazungusha plastiki, tunakaza mikanda ya lori, ile yenye kibao cha chuma cha kukazia, halafu tunaandika kwa maka peni FRAGILE na jina la mji.

Siyo kujisifu, lakini nikikufungia mzigo mimi Mtanga, wewe nenda kalale.

Kufunga mizigo ndiko kulikonipa chumba. Bellevue kuna zile nyumba za zamani kubwa zilizogawanywa vyumba, kila mlango taifa lake. Ya kwetu ilikuwa ya Gogo, bibi mmoja wa Kizulu aliyekaa chumba cha mbele chenye dirisha la kuona kila anayeingia na kila anayetoka. Gogo alikuwa na sheria moja: hapangishi mtu bila mdhamini. Lazima mpangaji wa mle ndani asimame mbele yake aseme huyu namjua. Ukiharibu, mnatoka wote wawili.

Mimi nilikuwa simjui mtu mle ndani isipokuwa mteja wangu mmoja, Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msusi. Nilikuwa nimemfungia seti ya vyombo vya mama yake, ikafika Bukavu bila kikombe kimoja kupasuka. Basi kwa vikombe hivyo tu, yule mama akaenda kunisimamia kwa Gogo.

Nilikuwa nyuma yake siku ile, nimeshika begi langu. Alisema kwa Kizulu cha kuokoteza, nawatafsiria kwa Kiswahili chake, na naomba myakumbuke haya maneno: "Gogo, please. Huyu namjua miye. Hana kelele, halewi. Umupe mwaka moya tu. Akikosa, uniulize miye."

Nikapewa chumba cha uani, cha bati, chini ya mparachichi.

Sasa tuje kwenye mti.

Ulikuwa mkubwa, umegawanyika panda mbili kuanzia usawa wa kichwa cha mtu, na kivuli chake kilifunika nusu ya ua. Lakini kuzaa, hakuna. Mwaka unakuja, mwaka unaondoka, majani tu. Gogo alikuwa akiutazama anasonya. Alitaka aukate ajenge chumba kingine cha kupangisha.

Tatizo ni kwamba kile kivuli kilikuwa saluni ya Mama Furaha. Alikuwa na viti vyake pale, kioo kakitundika kwenye msumari shinani, na wateja walikuja mpaka kutoka mtaa wa Berea. Kupanga kiti kwenye saluni za mjini hakuweza. Mti ukiondoka, kazi inaondoka. Na kazi ikiondoka, yeye na binti yake Furaha wangeondoka vilevile, maana kodi hailipwi kwa nyimbo za korali.

Mimi, kwa wema wangu, nikasema nina dawa.

Wakuu wa Tanga mtanishuhudia. Kwetu Muheza mchungwa ukikataa kuzaa, unatishwa. Wanakwenda watu wawili. Mmoja kashika panga, kanuna, anasema, "Huu mti haufai, unakula udongo bure, leo naukata!" Anaugonga gonga kidogo shinani. Mwenzake anakuja mbio, anamshika mkono: "Msamehe, msamehe! Mwakani atazaa." "Na asipozaa?" "Mimi ndiye mdhamini wake, nishike mimi." Basi, panga linarudi ndani. Mti unaona haya, mwaka unaofuata unazaa.

Msicheke. Mjomba wangu alikuwa anafanya hivyo kila mwaka na machungwa tulikuwa tunakula mpaka tunaumwa matumbo.

Jumapili moja nikachukua panga la Gogo la kukatia majani. Mdhamini nikampanga Issa, jamaa yangu wa Unguja, tunafunga naye mizigo. Nilimwomba kwanza Mama Furaha, akanikatalia huku anamsuka mtu.

"Miye? Kuombea muti? Niko mu korali miye. Enda na mambo yako ya Tanga."

Tukaanza. Nikanuna vizuri. Nikautukana ule mti matusi ya heshima, kwamba ni mvivu, kwamba ni mpangaji asiyelipa. Nikaanza kuugonga kwa mgongo wa panga. Ikafika zamu ya Issa kuja kunishika mkono.

Simu yake ikaita. Mke wake, kutoka Unguja.

Mnajua simu ya mke wakati mume yuko mbali. Issa aliinua kidole kama kusema nisubiri, akatoka nje ya geti, na hakurudi. Nikabaki pale mkono juu, panga hewani, wateja wa Mama Furaha wananitazama. Mkono ukachoka. Nikashusha panga, nikalirudisha ndani kimya kimya.

Kwa hiyo mti ulitishwa, lakini hakuna aliyeuombea. Kumbukeni hilo.

Wiki ileile ikaja mvua ya mawe.

Mlioko Dar mkisikia mvua ya mawe mnafikiria vile vipunje vya Lushoto vya kuokota na kuweka kwenye juisi. Hapana. Jozi majira ya joto, mchana kweupe, jua linawaka, halafu upande mmoja wa mbingu unakuwa na rangi ya kijani iliyooza. Wenye magari wanaanza kukimbilia chini ya madaraja na sheli. Ukiona hivyo na wewe usiulize, tafuta paa.

Siku hiyo nilikuwa chumbani kwangu, na paa langu lilikuwa bati. Ilianza jiwe moja, ka! Lingine, ka! Halafu likaja lori zima. Sijawahi kusikia kelele za namna ile. Nilikuwa nasoma dua na sisikii sauti yangu mwenyewe. Katikati yake nikasikia mlio mwingine, mrefu, kama mtu anapasua shuka kuukuu, halafu bati langu likabonyea mpaka karibu na kitanda.

Ilipokatika nikatoka. Barafu imefika kwenye vifundo vya miguu. Barabara nzima jakaranda zimevuliwa maua, zambarau na nyeupe vimechanganyika chini, na kila nyumba ina tawi lililolala mahali lisipotakiwa, hapa juu ya ukuta, pale juu ya gari. Majirani wote wamesimama nje wanasema eish, eish.

Na mparachichi wetu ulikuwa umepasuka kwenye panda, mpasuko wa kuingiza mkono. Hauna jani hata moja. Nusu yake imeegemea paa langu kama mlevi aliyemwegemea jirani yake. Kioo cha saluni vipande vipande.

Mama Furaha alitoka, akautazama mti, akanitazama mimi.

"Tanga! Weye njo uliita ile mvua! Unatisha muti ya Mungu na panga, sasa Mungu njo amejibu na mawe!"

Nikasema, "Mama Furaha, mawe yamepiga Johannesburg nzima."

"Sababu ya weye!"

Wakuu, nilipewa kesi ya mvua ya jiji zima. Ua mzima ukakubaliana naye. Hata Issa, ambaye ndiye mdhamini mtoro, alipofika jioni alitikisa kichwa akasema, "Yakhe, umefanya nini?" Nilitamani kumrushia barafu.

Gogo yeye hakuwa na habari za dini wala za Muheza. Alitoka na gauni lake la kulalia, akasema sasa basi, mti unakatwa, chumba kinajengwa. Akampigia mtu wa chain saw. Kumbe mtu wa chain saw siku hizo alikuwa anatafutwa kuliko daktari, miti ilikuwa imevunjika kila ua. Akasema subirini zamu yenu. Gogo akanigeukia: "Wena Tanzania, wewe si unajua kufunga vitu? Ufunge huu usiniangushie nyumba mpaka aje."

Hapo alinigusa penyewe.

Kesho yake nikaja na Issa na vifaa vyote vya kazini. Tukauinua ule upande ulioegemea kwa jeki ya lori, tukauwekea nguzo. Tukavisha panda zote mbili blanketi ili mikanda isichubue gome. Mkanda mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini karibu na mpasuko. Nikakaza. Mpasuko ukaanza kufumba taratibu mpaka hata kidole hakiingii. Nikazungusha plastiki juu ya jeraha maji yasiingie.

Niliusimamia kama nafunga kabati la vioo la bibi harusi. Nilisimama pembeni nikaona raha.

Kuja kumwona Issa, kashika maka peni. Mkono wa mazoea. Ameshaandika kwenye plastiki kwa herufi kubwa: FRAGILE. Chini yake mshale wa kuonyesha upande wa juu ni upi. Chini yake tena, DAR ES SALAAM.

"Issa, ushaona wapi mti unaandikwa upande wa juu?"

"Yakhe, bora kuzidisha tahadhari."

Ikawa gumzo la mtaa. Wapita njia wanachungulia getini wanauliza meli inaondoka lini. Furaha, ambaye Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza tu kama watoto wote waliozaliwa kule, alileta marafiki zake kuuangalia "mti wa posta."

Lakini mama yake hakuwa anacheka. Wateja walikuja, wakakuta jua limejaa uani, wakaondoka. Wachache aliwasukia kwenye korido, mpaka Gogo akalalamika nywele zimejaa mlangoni pake. Jioni nilimkuta amekaa kwenye kiti chake pale pale chini ya matawi matupu, hafanyi kitu. Mama Furaha bila kitu mkononi, sijawahi kuona. Roho iliniuma, nikajifanya nakagua mikanda.

Jumamosi mtu wa chain saw akaja.

Sitaki kuwadanganya, kuna sehemu ndogo ya mimi iliyofurahi. Bati langu lilikuwa limekwisha kubonyea mara moja, na sikutaka mara ya pili. Nikasogea ukutani kuwapisha. Gogo akaonyesha mti kwa fimbo. Jamaa akavuta kamba, mashine ikanguruma.

Mama Furaha akatoka korido anakimbia, kitana bado kimechomekwa kichwani. Akasimama kati ya mashine na mti, mikono ameitandaza. Jamaa akazima kwa woga.

"Gogo, please," akasema. "Huyu namjua miye. Hana kelele. Halewi. Umupe mwaka moya tu. Akikosa, uniulize miye."

Kuna mtu alianza kucheka pale, kwamba mti halewi. Mimi sikucheka. Yalikuwa ni yale yale maneno aliyonisimamia nayo mimi, wakuu, hata "halewi" hakuiacha. Yule mama hakuwa na hotuba nyingine. Ndiyo aliyoijua ya kumtetea mtu Johannesburg, na alikuwa anaupa mti alichonipa mimi.

Halafu ndipo nikakumbuka Muheza. Mtu kashika chuma, anataka kukata. Mwingine kaja mbio, anaombea, anadhamini. Mama wa korali, aliyekataa mambo ya Tanga, amekuja kumalizia tambiko aliloliacha Issa kwenye simu, na wala hajui.

Gogo akashusha fimbo.

"Hawu. Unaujua wajibu wa mdhamini kwenye nyumba hii?"

"Najua."

"Mti ukianguka, na wewe unatoka."

"Ntatoka."

Gogo akamwambia jamaa wa mashine aende kwa jirani.

Kuanzia siku ile mikanda yangu ilikuwa imeshika kitu kizito kuliko mti. Ikiachia, yule mama na mtoto wake wako barabarani. Kila nikirudi kazini, kabla ya kula, napita kukaza.

Ukatoa majani. Vijani vyekundu vidogo, halafu kijani. Mama Furaha akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Baada ya mwaka mpya, mchana mmoja niko Malvern, Issa akainua kichwa juu ya friji tunayofunga. Mbingu upande wa kwetu ilikuwa na ile rangi.

Tuliacha friji na mwenyewe kasimama pale. Issa akaendesha bakkie, pikapu ya kazini, robot, yaani taa za barabarani, zimezimika njia nzima, kila mtu anapiga honi. Tulipofika getini mawe yalikuwa yameanza.

Nikamkuta Mama Furaha yuko nje. Kichwani kavaa sufuria lake la kusongea bukari, ugali wa kwao, mikono yote miwili kaning'inia kwenye mkanda wa katikati, anamwita Yesu kwa sauti ya kwanza. Mkanda ulikuwa unateleza. Mti ulikuwa umeota majani, yamebeba upepo, na mpasuko umeanza kufunguka tena. Nauona kwa macho yangu, unafumbua, unafumba.

Issa akakimbilia nguzo. Mimi nikarukia kibao cha kukazia. Jiwe la kwanza likanipata sikio, nikaona nyota. Mama Furaha akavua sufuria akanivika mimi.

"Kaza, Tanga! Kaza!"

Wakuu, msikilizeni mtu aliyepitia: mawe yakipiga sufuria na kichwa chako kimo ndani, huwezi kukumbuka hata jina lako. Nilikuwa nakaza kwa kupapasa. Gogo yuko dirishani anapiga kelele, "Hayibo! Uacheni, mtakufa!" Hatuachi.

Mara sauti ya dirishani ikanyamaza. Nikageuka, nikamwona Gogo anakuja uani na kandambili miguuni, beseni la kufulia kichwani. Akaushika mkanda nyuma ya Mama Furaha, akavuta. Bibi mwenyewe aliyetaka kuukata.

Mvua ikakatika. Tulibaki tumesimama pale tunatiririka maji. Mpasuko umefumba. Gogo akavua beseni, akalitazama lilivyobonyea, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye barafu, tukamnyanyua.

Tulikunywa chai chumbani kwake siku hiyo, mara ya kwanza wapangaji kuingia mle.

Majira yaliyofuata mti ukatoa maua. Nilidhani naota. Halafu vikaja vitunda vidogo kama zeituni, vikakaa, vikakua. Mpaka 2017 inaisha matawi yameinama, tukaongeza nguzo.

Ubishi ukaanza. Mimi nikasema ni tishio la Muheza. Mama Furaha akasema ni Yesu. Issa akasema ni kwa sababu aliandika FRAGILE. Jamaa mmoja mtunza bustani aliniambia mti ukijeruhiwa na kubanwa shina unaogopa kufa, kwa hiyo unakimbilia kuzaa. Nikamwambia si ndiyo hicho hicho ninachosema?

Tunda la kwanza kukomaa lilidondoka lenyewe, juu ya bati langu. Ka! Nilijikuta chini ya kitanda, mto kichwani. Nilipotoka nje hakuna mawingu hata moja, na ua mzima uko hoi kwa kicheko.

Gogo akaliokota. Tulidhani atalipeleka ndani, mti ni wake. Akaliweka siku chache likalainika, akatuita wote uani, akalikata, na nusu yenye kokwa akampelekea Mama Furaha kwenye kiti chake.

"Mdhamini anakula kwanza," akasema.

Mama Furaha alilishika lile parachichi kwa mikono miwili. Alilia kidogo, akacheka, akaomba chumvi. Halafu akaendelea kusuka.

Nimeshaondoka Jozi. Nasikia mikanda miwili waliifungua, wa tatu gome limeumeza, hautoki tena. Maandishi ya Issa yalifutika, limebaki neno DAR peke yake.

Nilichojifunza, wakuu: vitisho hapa duniani havijawahi kuadimika. Kila mtu ana panga lake, mbingu nazo zina mawe yake. Kinachoadimika ni yule wa kuja mbio na kusema huyu namjua, mpe mwaka mmoja. Mimi nilimpata kwa vikombe tu, na sikumuomba.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu miti inatishwaje? Wataalamu wa kilimo, nipeni sayansi yake, lakini mkiniambia ni Yesu peke yake nitajua Mama Furaha kafungua akaunti. Na mlioko ugenini, niambieni aliyewasimamia mlipofika na begi mkononi ni nani, na kama yuko hai mmempigia lini.

Mimi wangu nimempigia leo asubuhi. Anasema mwaka huu maparachichi yamezidi, anagawa mpaka Berea.